Mtungi wa Shilingi 20: Yasemwayo Mombasa Kuhusu Tajiri na Maskini

Lita 1,000 za maji ni mitungi 50 ya lita 20. Mtaani kwetu Majengo mtungi ni shilingi 20 siku za kawaida, na bomba likikauka wiki nzima nimewahi kuununua kwa 50. Hesabu si ngumu: mitungi 50 kwa shilingi 20 ni shilingi 1,000, na kwa shilingi 50 ni 2,500. Mwenye mita nyumbani akiyapata maji hayo hayo bombani hulipa sehemu ndogo tu ya hiyo 1,000. Hata hivyo, jioni pale maskani, kabla kikombe cha kahawa chungu hakijapoa, hakosekani mtu wa kusema kwamba maisha ya maskini ni rahisi kwa kuwa hana matumizi.

Nimeyachukua machache ya hayo yasemwayo nikayaweka kando ya yale ninayoyajua. Siwacheki wasemaji. Mawili kati yake niliyashikilia mwenyewe kwa miaka.

“Maskini hutumia kidogo, kwa hivyo hulipa kidogo”

Hutumia kidogo, ndiyo. Na jumla yake ya mwezi ni ndogo, ndiyo. Lakini kwa kila lita, kila yuniti, kila kijiko cha mafuta ya kupima, hulipa zaidi, wala si kwa sababu muuza maji ni mwizi. Kijana wa mkokoteni amepanga foleni tangu alfajiri, maji ameyanunua, na mkokoteni wenyewe pengine ni wa kukodi. Kinachobaki mkononi mwake ni malipo ya jasho. Ughali umeanza mbali kabla haujamfikia yeye.

Kisiwa hiki hakina mto. Maji yetu hutoka kwa majirani: chemchemi za Mzima kule Taita Taveta, ambako bomba lililazwa miaka ya 1950, Baricho kando ya mto Sabaki, Kilifi, Marere na Tiwi, Kwale. Yote yakijumlishwa hayafiki nusu ya yale mji unayohitaji, ndiyo maana bwawa la Mwache linajengwa, na ndiyo maana kuna mgao.

Mgao ukiusoma kwenye karatasi ni haki tupu. Mtaa huu siku mbili, ule siku mbili, saa sawa kwa kila mtu. Sasa tazama saa hizo zinavyopokewa. Mwenye tangi la lita 5,000 juu ya paa na pampu chini hufungua koki, akalala, na asubuhi ana maji ya wiki. Mwenye ndoo nne hujaza ndoo nne. Saa ni zile zile, bomba ni lile lile. Siku ya tatu ndoo zimekauka, na ndipo anapochungulia dirishani kumwita kijana wa mkokoteni. Wapo wa Nyali waliochimba visima uani ambao hata ratiba ya mgao hawaijui. Wakubwa wamegawa saa kwa usawa, na maji yakajigawa yenyewe kwa ukubwa wa tangi.

Umeme una kisa kizuri zaidi, na hiki nilikigundua kwa kugombana. Tangu 2023 bei ya umeme wa nyumbani ina ngazi tatu: anayetumia hadi yuniti 30 kwa mwezi hulipa bei ya chini kabisa, wa kuanzia hapo hadi 100 hulipa ya kati, na anayezidi 100 hulipa ya juu. Nia ni njema: mwenye taa mbili na redio asibebeshwe bei ya mwenye viyoyozi vitatu. Sasa ichukue nyumba yetu ya Kiswahili, ukumbi katikati na vyumba sita, kila chumba familia yake, na mita moja mlangoni. Kila familia itumie yuniti 20 tu. Sita mara ishirini ni 120. Mita haijui kuhesabu familia, inahesabu yuniti. Kwa hiyo watu sita ambao kila mmoja anastahili bei ya mnyonge wanaingia wote kwenye bei ya mwenye nacho. Anayeishi peke yake kwenye fleti, mjengo wenye lifti, mita yake mwenyewe, mchana kutwa yuko kazini, anaweza kubaki chini ya 30. Mwaka mzima tulimshuku mpangaji wa chumba cha nyuma kwamba ana jiko la umeme la siri. Hakuwa nalo, maskini ya Mungu. Tulimkosea.

Ngazi za bei si kosa. Kosa ni kudhani kila mita ni kaya moja, na Mombasa dhana hiyo haisimami hata kwa Majengo peke yake, sembuse Likoni na mtaa wetu uitwao Bangladesh.

“Nchi inabebwa na wenye mishahara, wengine hawalipi kodi”

Hii huipenda sana wafanyakazi wa ofisini, na nusu yake ni kweli. Kodi ya mshahara, PAYE, haimgusi anayelipwa shilingi 24,000 au chini yake kwa mwezi: asilimia 10 ya 24,000 ni 2,400, na nafuu anayopewa kila mlipaji ni 2,400 hiyo hiyo. Anayezidi hapo huanza kukatwa, na anayevuka 800,000 hukatwa asilimia 35 kwa kile kilichozidi. Upande huo mzigo unapanda pamoja na mapato, kama inavyostahili.

Lakini kodi si PAYE peke yake. VAT, kodi ya ongezeko la thamani inayolipwa ndani ya bei ya bidhaa, ni asilimia 16, na haiulizi mtu ana mshahara gani. Katika kila shilingi 116 unazotoa dukani kwa kitu kinachotozwa, 16 si za mwenye duka. Hamali wa Shimanzi aliyenunua sabuni ya kufulia na mafuta ya kupikia amelipa kodi jioni ile ile, taslimu, bila fomu na bila nafuu. Unga wa mahindi umesamehewa, mkate umesamehewa. Nauli ya matatu nayo haina VAT, ila mafuta ndani ya tangi la matatu hiyo yanayo: yalianza kwa asilimia 8 mwaka 2018, na Julai 2023 yakapandishwa hadi 16, na makanga hakukawia kutuletea habari.

Jambo la kupima ni sehemu gani ya kipato inapita dukani. Hamali hutumia chote alichopata, kwa hiyo chote kinapita mbele ya VAT, isipokuwa unga na vichache vingine. Mwenye milioni hutumia sehemu, nyingine huenda kwenye kiwanja, hisa, na ada ya mtoto, ambako VAT haimfuati. Ukipima kwa asilimia ya kipato, huyo wa chini anaweza kuwa ndiye aliyebanwa zaidi na kodi hii. Mwaka 2024 serikali ilipotaka kuutoza mkate asilimia 16, watu hawakuhitaji somo la uchumi. Waliingia barabarani nchi nzima, hapa Mombasa pia, na tarehe 26 Juni, siku moja baada ya maandamano makubwa, Rais akasema hatautia saini Mswada wa Fedha wa mwaka huo.

“Bandari ni yetu, basi fedha zake zinaliwa hapa hapa na wakubwa wa Mombasa”

Hili nililiamini. Nikipita Kilindini nikiona makontena yamepangwa kama ghorofa, nilikuwa nikiuliza kaunti inazifanyia nini hizo hela.

Haizipati. Katiba ya 2010, ibara ya 209, imeweka kodi ya mapato, VAT, ushuru wa forodha na ushuru wa bidhaa mikononi mwa serikali ya kitaifa peke yake. Kaunti imeachiwa kodi ya majumba na viwanja, kodi ya burudani, na ada za huduma zake: maegesho, leseni, soko. Gari likishushwa melini, ushuru wake unapaa kwenda hazina ya taifa. Kinachorudi ni mgao wa kaunti zote 47, ambao kwa pamoja Katiba inataka usipungue asilimia 15 ya mapato ya taifa, halafu unagawanywa kwa fomyula inayotazama mambo kama idadi ya watu, umaskini na ukubwa wa eneo. Mombasa ilihesabiwa watu 1,208,333 mwaka 2019, lakini kwa eneo ni miongoni mwa kaunti ndogo kabisa nchini. Kuwa na bandari hakumo kwenye fomyula. Na fomyula yenyewe si hesabu tu: mwaka 2020 Seneti ilikwama wiki kadhaa ikiigombania, na kilichoikwamua ni ahadi ya kuongeza chungu, kutoka bilioni 316.5 hadi bilioni 370 mwaka uliofuata, ili asiwepo wa kupunguziwa.

Kwa hiyo Mombasa ililiwa wapi, kama si kwenye ushuru? Kwenye kazi, na hapa ndipo sera ya umma inapoonekana kwa macho. Reli ya SGR ilifunguliwa 31 Mei 2017. Abiria tulishangilia, na mimi nilikuwemo. Saa tano hivi kufika Nairobi, tena ukiwa umekaa vizuri. Agosti 2019 ikaja amri kwamba mizigo inayoelekea Nairobi na bara ibebwe na reli, ikakaguliwe na kutolewa ushuru Embakasi, Nairobi. Serikali ilikuwa na hoja yake: deni la Wachina halilipwi na behewa tupu. Lakini mzigo haukuondoka peke yake. Uliondoka na dereva wa lori na utingo wake, fundi wa tairi wa Miritini, wakala wa forodha mwenye chumba kimoja mjini, mlinzi wa yadi ya kontena Changamwe, na mama wa Mariakani aliyekuwa akipika wali na maharagwe kwa madereva usiku. Watu waliandamana Jumatatu baada ya Jumatatu. Amri ililegezwa kwa maneno, lakini mambo yakaendelea kama yalivyokuwa, hadi Septemba 2022 Rais mpya alipotangaza siku ya kuapishwa kwamba shughuli za kutoa mizigo zirudi Mombasa.

Usije ukanielewa vibaya nikaonekana nasema reli iliiua bandari. Bandari imekua; mwaka 2024 ilipitisha makontena zaidi ya milioni mbili. Hilo ndilo linalopaswa kutushangaza. Bandari inaweza kuvunja rekodi mwaka ule ule ambao mama wa Mariakani amefunga banda. Tani zinahesabiwa gatini. Sahani za wali haziko kwenye ripoti yoyote.

Ukitaka tarakimu ya umaskini, utafiti wa taifa wa bajeti za kaya wa 2015/16 uliipa Mombasa asilimia 27.1, nchi nzima ikiwa 36.1, na jirani zetu Kwale na Kilifi zaidi ya 46. Kwa hiyo si uongo kwamba tuna afueni kuliko walio ng’ambo. Ila wastani wa kaunti umechanganya jumba la ufukweni Nyali na kibanda cha Moroto kule Tudor.

“Skwota ni mvamizi, angetaka ardhi angenunua”

Nyumba ya bibi yangu ilikuwa yake. Kuta alizijenga yeye, mabati alinunua yeye, bati moja moja. Ardhi chini yake haikuwa yake. Kila mwezi alimpelekea mwenye ardhi kodi ya kiwanja, na risiti alizitia kwenye mkebe wa biskuti. Jina la mwenye ardhi silitaji. Nitasema tu kwamba bibi alipotaka kubomoa ukuta wa udongo aweke wa matofali, alikataliwa, kwa sababu nyumba ya matofali ni vigumu kuihamisha.

Mtindo huu wa nyumba bila ardhi umeenea Mombasa kiasi kwamba hatuuoni ajabu. Anayetoka bara hushangaa: unauziwaje nyumba halafu usiuziwe ilipokaa? Mzizi wake ni wa zamani. Mwaka 1895 Waingereza walichukua usimamizi wa ukanda wa maili kumi wa pwani kwa mapatano na Sultani wa Zanzibar. Mwaka 1908 wakaleta sheria ya kusajili hati za ardhi: mwenye dai alijitokeza akathibitisha, na ambayo haikudaiwa ikawa mali ya serikali ya Mfalme wa Uingereza. Walioelewa mambo ya karani na wakili walipata hati. Mijikenda, ambao ardhi yao ilikuwa ya ukoo na ushahidi wake ni kaya, misitu yao mitakatifu, na makaburi, wengi wao walitoka mikono mitupu, kwani sheria ile ilisikiliza madai ya mtu binafsi. Oktoba 1963, pwani ikiunganishwa na Kenya, viongozi wa Kenya na Zanzibar walikubaliana kwa barua kwamba hati zilizokwisha kusajiliwa zitaheshimiwa. Uhuru ukaja na hati zake zilezile.

Kwa hiyo huyo skwota, akaaye kwenye ardhi asiyo na hati yake, anayeitwa mvamizi, mara nyingi ni mjukuu wa mtu aliyekuwepo kabla ya karani. Si wote, nakubali. Wapo waliohamia juzi, na wapo matapeli wanaouza kiwanja kimoja mara tatu.

Sheria imeacha mlango mmoja: aliyekalia ardhi ya mtu binafsi kwa miaka 12 mfululizo, waziwazi na bila ruhusa ya mwenyewe, anaweza kuiomba mahakama imtambue kuwa mmiliki. Zingatia hayo maneno, bila ruhusa. Bibi yangu alilipa kodi ya kiwanja zaidi ya miaka 40. Kila risiti katika mkebe ule ni ushahidi kwamba alikaa kwa ruhusa, na aliyekaa kwa ruhusa hana dai. Angekuwa mkaidi asilipe hata senti, pengine angekuwa na kesi. Nilipoelezwa hivyo na wakili nilicheka, halafu nikaacha kucheka.

Serikali nayo imejaribu njia ya kununua. Mwaka 2016 ilitoa hati kwa wakazi wa shamba la Waitiki, Likoni, ekari 930, baada ya kulinunua kwa shilingi bilioni 1.1. Wengi waliposikia “hati za bure” walikasirika: kwa nini wao tu? Lakini hazikuwa za bure. Kila mkazi alitakiwa arudishe takribani shilingi 182,000. Aliyelipwa papo hapo ni aliyekuwa na hati.

“SHA ni kumkamua mnyonge”

Inategemea mnyonge yupi. SHA ndiyo bima mpya ya afya ya taifa. Ya zamani, NHIF, ilikuwa na kikomo: anayelipwa shilingi 100,000 alikatwa 1,700, na wa milioni moja alikatwa 1,700. Tangu Oktoba 2024 makato ni asilimia 2.75 bila kikomo, kwa hiyo wa milioni hukatwa 27,500. Wa 20,000 alikuwa akikatwa 750, sasa 550. Hapo makato yamesawazishwa, na sikusikia wengi wakilisema.

Maumivu yako kwa asiye na mwajiri. Kiwango cha chini ni shilingi 300 kwa mwezi, nafuu kuliko 500 za zamani, lakini alitakiwa kulipa ya mwaka mzima kwa mkupuo: 3,600. Anayekula kwa siku hana 3,600 ya siku moja. Anazo 10, kila siku, kwa mwaka.

“Cha bure ni cha maskini”

Kati ya 2021 na 2022 serikali ilifidia bei ya petroli ili isipande. Ilitangazwa kuwa ni kumwokoa mwananchi. Mwananchi yupi? Kila lita ilifidiwa, kwa hiyo mwenye gari tatu alifidiwa mara tatu, na bodaboda alipata chake kwa lita zake mbili. Mimi nilifurahi, maana nauli ilitulia. Lakini fungu kubwa lilikwenda kwa wenye matangi makubwa.

Linganisha na feri ya Likoni. Atembeaye kwa miguu havushwi kwa malipo, gari hulipa. Hakuna fomu, hakuna maswali ya una ng’ombe wangapi na choo chako kina paa gani. Anayevuka kwa miguu saa kumi na moja alfajiri kwenda kibaruani amekwisha kujieleza kwa miguu yake. Katika sera zote nilizozitaja, hii ndiyo naona inampata mlengwa bila kumpotezea siku.

Ila hata yeye hulipa kwa njia nyingine. Gharama yake ni kusimama: kubanana kwenye sehemu ya kungojea, feri moja iko matengenezoni, nyingine imejaa, na kibarua kinaanza saa moja kamili. Magari sasa yana barabara ya Dongo Kundu, yanazunguka kusini bila kugusa maji. Kwa miguu, kutoka Likoni hadi mjini kwa njia hiyo, hakuna anayejaribu.